Waya Ndani ya Boila

Otylia, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, aliingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, mabega yamejaa theluji, akaniomba simu. Yake alikuwa nayo mfukoni, ila hakutaka mumewe aje kuichungulia jioni akaikuta namba ile.

"Nampigia Wacław," alisema. "Na usinitazame hivyo, dada Kornelia. Nimechoka."

Nilimpa simu. Wacław ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe Seweryn, na kwa kazi ya kupasha nyumba joto hapa mjini Biecz na vijiji vya jirani hakuna anayemfikia. Boila, pampu, mabomba, rejeta za ukutani zinazopitisha maji ya moto, hayo ndiyo maisha yake. Ubaya wake ni mdomo. Seweryn aliwahi kufanya kazi chini yake, akimbebea mabomba na kujifunza, mpaka siku nati moja ilipovuja na Wacław akamtukana mbele ya mwenye nyumba, mkewe na wajukuu. "Hiyo si mikono, ni kwato!" Seweryn aliweka spana sakafuni, akaenda zake, akaajiriwa kiwanda cha mbao. Ikapita miaka hawasemezani. Mama yao, Pelagia, ambaye alikuwa akikaa kwa Seweryn, alikula mkesha wa Krismasi kwa huyu na siku ya pili kwa yule, na kote kuwili alilia kidogo kabla ya supu.

"Shemeji, ni Otylia," nilimsikia akisema. "Ni boila. Hapana, hajui kama nakupigia. Yuko kazini. Njoo tu, tafadhali, utanitukana ukishafika."

Wacław alikuja na gari lake la kazi, akaliegesha upande wangu wa barabara kama mwizi. Ni pande la mtu, masikio yamemwiva kwa baridi, na hasira alikuja nayo tayari kutoka kwake.

"Kwa hiyo nimefika mahali pa kuingia nyumba ya baba yangu kwa kunyemelea," alisema badala ya salamu. "Haya, twende."

Otylia alinishika mkono na hakuuachia, ndiyo maana niliyaona yote.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Baridi ya siku zile ilikuwa ya kugandisha mate kabla hayajafika chini, kwa hiyo nilipoingia nikajisemea, mbona hapa pako sawa? Ila hewa ilikuwa nzito, na vioo vya madirisha vilikuwa vinatiririka maji. Yalikuwa madirisha mapya ya plastiki. Seweryn alikuwa ameyaweka vuli ile, akajisifu kwangu kwamba hata unyoya haupiti.

"Mama yuko wapi?" Wacław aliuliza.

"Amelala."

"Muda huu? Mama anayeamka kabla ya majogoo?"

"Siku hizi analala sana, shemeji. Ni uzee."

Alinguruma kitu, akaanza kazi. Alishika rejeta ya sebuleni, akateremsha kiganja kutoka juu hadi chini. Yote moto. Akaenda ya ukumbini, vilevile. "Maji yanazunguka," alisema. "Hakuna hewa iliyonaswa, hakuna tope." Tukamfuata bafuni, ambako boila la gesi limetundikwa ukutani juu ya mashine ya kufulia. Alitazama saa ya presha. Akaweka vidole juu ya pampu, kama daktari anayepima mapigo. "Presha ipo. Pampu inapiga. Sasa ugonjwa uko wapi? Umenitoa kazini kuja kuona boila zima?"

"Lilikuwa linazima," Otylia alisema. "Tangu vuli. Mwanzo mara moja moja. Tukisubiri lipoe, tukabonyeza kile kitufe, linawaka tena. Kufika mwaka mpya likawa linazima kila tukikaa kidogo, na mama anatetemeka mpaka meno yanagongana. Jumamosi Seweryn akajifungia humu na bisibisi. Akatoka anacheka. Akasema amelifunza adabu. Na kweli, toka siku hiyo halijazima hata mara moja."

"Basi limepona! Mimi wa nini?"

"Kwa sababu kichwa kinanipasuka!" Sasa na yeye alipandisha sauti. "Kila asubuhi naamka kama nimepigwa rungu. Natapika. Nikifika kazini, pale jikoni shuleni, kinapoa. Nikirudi hapa, kinaanza tena. Nimemwambia mume wangu, kasema nikiiona tu nyumba ya mume naumwa. Uvivu, kasema. Sasa wewe ndiye fundi, niambie, uvivu una makao ndani ya nyumba hii tu?"

Nilimwona Wacław akibadilika uso. Hasira zote alizokuja nazo zilimtoka, pakabaki mtu anayesikiliza. Aliinama akachungulia kidirisha kidogo cha boila. Moto wa gesi ukiwa mzuri huwa wa buluu na umesimama. Ule ulikuwa wa manjano, na ulikuwa unalegalega.

Alitoka mbio hadi garini, akarudi na kipimo chake, kidude cha mkononi cha kunusa ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo moto huitoa unapokosa pumzi. Kabla hajafika bafuni, akiwa bado ukumbini, kipimo kilianza kupiga kelele. Sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile.

"Nje!" alinguruma. "Nyote nje!" Aliruka hadi kwenye koki ya gesi, akaifunga, akavuta dirisha la bafuni kwa nguvu mpaka maua ya Otylia yakaangukia kwenye beseni. Kisha akasimama, akageukia mlango wa chumba cha jirani, ule ambao huachwa wazi ili joto liingie.

"Mama!"

Pelagia alikuwa kitandani, shuka hadi kidevuni, mashavu mekundu kama msichana aliyetoka kucheza ngoma. Ukimtazama ungesema hajawahi kuwa na afya nzuri namna ile. Wacław alimtikisa. Alimwita. Akampiga kibao chepesi, yeye, mtoto, kumpiga mama yake. Mdomo wa bibi ulicheza, macho hayakufumbuka.

Tulimbeba ndani ya shuka, Wacław kichwani, mimi na Otylia miguuni, tukapita ukumbini kipimo kikiendelea kulia sakafuni, tukamtoa hadi kwenye theluji na kumfikisha barazani kwangu. Njiani Otylia alianguka magoti mara mbili na kuinuka. Nilidhani ni barafu. Haikuwa barafu.

Niliita gari la wagonjwa. Zimamoto nao wakaja, wakavaa vinyago, wakafungua kila kilichofunguka. Pelagia aliwekewa oksijeni pale pale kwangu, na Otylia naye akakalishwa nyuma ya gari la wagonjwa akavishwa kinyago. Mkuu wa zimamoto, mtu mpole, alirudi kutoka ndani akitikisa kichwa. "Wangelala humo usiku mmoja zaidi," alisema, na sentensi hakuimaliza.

"Lakini kihisi kimefanya nini?" Wacław alikuwa akizungumza peke yake. "Kihisi kilikuwa wapi?"

Kila boila la aina ile lina kihisi kidogo juu, mahali moshi unapoingia kwenye dohani. Moshi ukirudi nyuma badala ya kupanda, kihisi kinapata joto na kuzima moto. Ndiyo kazi yake pekee. Wacław alirudi ndani kwa ruhusa ya zimamoto, akafungua kifuniko cha boila, na mimi nilisimama mlangoni. Nilimwona akiingiza mikono, kisha akatulia kabisa. Nyaya mbili za kihisi zilikuwa zimechomolewa, na badala yake kilikuwa kimewekwa kipande cha waya mweupe wa taa ya mezani, kimeunganisha upande huu na ule moja kwa moja, kimezungushiwa utepe mweusi vizuri, kwa mkono wa mtu aliyefundishwa. Kihisi chenyewe kilikuwa kinaning'inia pembeni, hakina kazi.

Alikikata kile kipande cha waya kwa koleo. Ndipo tuliposikia gari la Seweryn likifunga breki nje.

Majirani walikuwa wamempigia kiwandani, ila walimwambia tu kwamba zimamoto wako kwake. Aliingia uani mbio, vumbi la mbao bado limemjaa nywele nzima, na mtu wa kwanza aliyekutana naye alikuwa kaka yake anatoka mlangoni.

"Wewe unafanya nini hapa? Nani kakuruhusu kugusa boila langu?"

Wacław aliinua waya mbele ya macho yake. "Hiki nini?"

"Umevunja nyumba yangu—"

"Nimekuuliza, hiki nini!"

"Ni waya! Kihisi kilikuwa kibovu! Kinazima kila saa, mama anaganda kwa baridi, ulitaka nikae nimtazame?"

"Hakikuwa kibovu, punguani wewe! Dohani imeziba! Kilikuwa kinakwambia dohani imeziba, kila siku, tangu vuli! Ndani ya nyumba hii hicho ndicho kilikuwa kitu pekee chenye akili, na wewe ukakikaba koo!"

"Usinifokee uani kwangu!"

"Nitakufokea mpaka kaburini! Unajua mama yuko wapi?"

Seweryn aligeuka. Akaona gari la wagonjwa mbele ya nyumba yangu, akaona machela inaingizwa, akaona na kiatu cha nyumbani cha mama yake kimelala kwenye theluji katikati ya barabara. Nilidhani atakimbilia huko. Badala yake alimrukia kaka yake, akamsukuma kifuani kwa mikono miwili, Wacław akagonga mgongo ukutani.

"Wewe ndiye uliyenifundisha!" alipiga kelele, na sauti ilikuwa imeshaanza kupasuka. "Kwa yule mzee wa kule mlimani, mfua vyuma! Uliunga waya hivi hivi, nimekuona kwa macho yangu!"

"Kwa muda wa kupima! Nikiwa nimesimama pale pale, dirisha wazi, mkono kwenye koki! Kisha nikautoa!"

"Hukuniambia! Hukuniambia kwa nini umeuweka wala kwa nini umeutoa! Hukuwahi kuniambia kwa nini jambo lolote! Leta spana, shika bomba, kwato wewe! Ningejuaje? Ningekupigia simu nikuulize? Ungeniambia nini, eh? Ungeniambia nini?"

Watu wa zimamoto walikuwa wamesimama na mipira yao ya maji wanatazama, na hakuna aliyeingilia. Sote tulikuwa tunalisubiri lile jibu.

Aliyekuja ni Otylia. Alikuwa ameshuka kwenye gari la wagonjwa, kinyago amekivutia kidevuni, muuguzi anamfuata nyuma akimsihi. Alitembea kama mlevi, lakini alifika.

"Mmemaliza?" alisema. "Au mnataka tuwaletee viti?"

"Otylia, rudi ukae," Seweryn alianza.

"Funga mdomo. Mimi leo ndiye ninayesema. Nimelala na sumu, naamka natapika, na wewe unaniambia mvivu. Siku zote hizi! Mama yako anazima kama mshumaa, na unasema uzee." Aligeuka. "Na wewe, shemeji, usisimame hapo kama mtakatifu ukutani. Mama yako amekuwa humu miaka yote, barabara hiyo unaipita kila wiki na gari lako, na kizingiti hiki hujakikanyaga. Huyu anaogopa kutukanwa, yule hawezi kukaa bila kutukana, na wanaokufa ni mimi na mama. Mmetushindania kama mbwa na mfupa, na hakuna aliyeutaka huo mfupa!"

Alitaka kuendelea, lakini alipepesuka. Wote wawili walimdaka. Aliwatoa mikono mmoja baada ya mwingine, akamshika muuguzi, akarudi garini bila kugeuka. Gari liliondoka na Otylia na Pelagia, na wale ndugu wawili wakabaki wamesimama uani, hakuna anayejua aweke wapi mikono.

Pelagia aliwekwa kwenye chumba maalumu cha oksijeni, hospitali ya mbali. Alizinduka. Neno la kwanza alilosema, muuguzi alinisimulia akicheka, ni, "Nani kafungua dirisha? Mnataka kuniua kwa baridi?" Wanawe walikuwa wamesimama hapo pembeni ya kitanda. Hakuna aliyecheka. Alipona, lakini hakurudi wote. Majina mengine yalibaki kule alikokwenda, na mkono wa kushoto ulimtetemeka akishika kikombe.

Siku mbili tatu baadaye Wacław alipanda paa. Alikuwa na kamba yenye tufe la chuma, ile ya kupimia dohani, akaiteremsha ndani. Ilishuka kidogo, ikagota. Akaivuta, akaiachia tena kwa nguvu. Ikagota palepale. Ni kunguru wadogo, wale wa kola ya kijivu. Masika walikuwa wamejenga humo, vijiti juu ya vijiti, udongo, manyoya ya ng'ombe, kamba za plastiki, na theluji ya mwaka mpya ilipoyeyuka juu ya vile vijiti na kuganda, dohani ikawa chupa iliyotiwa kizibo. Seweryn alikuwa chini, kwenye kile kimlango cha masizi, anapokea kwa gunia. Nilihesabu magunia mpaka nikaacha.

Walipoingia bafuni niliwasikia, maana nilikuwa nimewapelekea mkate na supu. Wacław alikuwa akilitafuta tundu la hewa la ukutani. Halikuonekana tena. Seweryn alikuwa amelifunika kwa kipande cha plastiki, akakipaka lipu na rangi nyeupe juu, ukuta mmoja, safi kabisa.

"We—" Wacław alianza, na nilijua kinachofuata.

"Niambie kwa nini," Seweryn alisema. Hakumtazama. "Bila kufoka. Kama huwezi, basi toka, nitamtafuta fundi mwingine."

Nilisimama ukumbini na bakuli linaniunguza vidole. Kisha Wacław akaanza kueleza, na alisema kila neno kama mtu anayeng'olewa jino. Alieleza kwamba moto unakula hewa. Kwamba zamani madirisha ya mbao yalikuwa yanavuja, na boila lilikuwa linakula kule kuvuja. Kwamba ukifunga madirisha, ukafunga na tundu, boila litatafuta hewa popote, na popote palipobaki ni dohani tu. Basi hata bila kunguru, siku ya upepo dohani ingegeuka, ingeanza kuvuta kwa ndani. "Mambo mawili," alisema. "Kunguru walifunga mlango wa kutoka, wewe ukafunga wa kuingilia. Na kihisi kikapiga kelele kwa yote mawili."

"Na mimi nikakinyamazisha."

"Na wewe ukakinyamazisha."

"Sasa hilo," Seweryn alisema, na sauti yake ilikuwa inawaka, "hilo lilikuwa gumu nini kuniambia wakati ule?"

Wacław alichukua patasi, akaanza kubomoa lipu, na alibomoa kwa hasira mno hivi kwamba vigae vitatu vilianguka nayo.

Msinielewe vibaya, hawakukumbatiana. Waling'oa boila la zamani, wakaweka la kisasa, linalovuta hewa kutoka nje kwa bomba lake lenyewe na halipumui ndani ya nyumba. Waliliweka pamoja, na kazi ile ilichukua mara mbili ya muda wake kwa sababu kila hatua walisimama kubishana, na mimi ng'ambo ya barabara nilisikia kila neno. Tofauti moja tu niliiona: Wacław akifoka, Seweryn anafoka naye. Haweki spana chini tena.

Otylia hakurudi nyumbani kutoka hospitali. Alimchukua Pelagia, wakaenda kukaa kwa dada yake, mji wa Jasło. Seweryn alikwenda kila Jumapili, akarudi kila Jumapili peke yake. Jirani mmoja alimwambia amlazimishe, mke ni mke. Seweryn alimtazama tu mtu huyo mpaka akaondoka.

Barafu ilikuwa imeshaanza kudondoka kwenye mapaa wanawake wale wawili walipokuja. Otylia alimwacha mama mkwe garini na blanketi, akaingia ndani kwanza peke yake. Ndugu walikuwa wamesimama ukumbini wamenyoa ndevu wote wawili, na mimi nilikuwepo kwa sababu Otylia aliniomba. Hakumsalimu mtu. Alifungua kila dirisha, akalifunga. Akaenda bafuni, akainua kiganja mbele ya lile tundu la ukutani, akakiacha hapo hadi alipohisi hewa inapita. Alichungulia moto wa boila. Kisha akatoka.

"Sijawasamehe," alisema. "Nataka mlisikie hilo vizuri, msije mkapika keki. Nimerudi kwa sababu mama anataka kulala kwenye kitanda chake. Siku kitu chochote humu ndani kikilia, hata kikiwa kibirika, hakuna atakayekigusa mpaka nijue kinalilia nini. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Seweryn alisema.

Alimgeukia Wacław.

"Ndiyo, shemeji," alisema Wacław, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Basi nendeni mkamlete mama yenu. Wote wawili. Na mkibishana njiani ni nani ashike kichwa na nani miguu, namrudisha Jasło."